Mafuta ya Akiba ya Baba Hellen

"Nasema tena, na nitasema hata mbele ya mwenyekiti wa tawi: mdomo ulionyonya tangi langu ni huo wako, Novatus."

"Mdomo wangu una kazi nyingi, Mzee Fanueli, ila hiyo haimo."

"Mwaka themanini na mbili ulikuja hapa kuniomba petroli. Nikakunyima. Aliyenyimwa ndiye anayeiba."

"Basi nusu ya Same ingekuwa jela, maana uliwanyima wote."

Watu wakacheka. Ua wa Fanueli ulikuwa umeshajaa, kama unavyojaa ua wowote wa mtaa ule sauti mbili zikipanda kwa wakati mmoja. Kuna waliokuja na watoto mgongoni na kuna waliokuja na mchele kwenye ungo, wauchague huku wanasikiliza. Katikati yao, juu ya mawe manne, lilikaa gari lenyewe, Pijo 404 ya kubebea mizigo, turubai limevuliwa kwa mara ya kwanza baada ya miaka sita. Fundi Salimu alikuwa amechuchumaa kando ya makarai mawili aliyoyajaza kutoka tangini, na yeye hakucheka.

"Njoo uone mwenyewe, mzee," alisema.

Fanueli aliinama. Kilichokuwamo karaini kilikuwa kimejigawa. Juu kimiminika cha rangi ya chai ya mkandaa, isiyotiwa maziwa. Chini, kimetulia kabisa, maji yenye kutu. Yalikuwa maji matupu, ya kunywa ng'ombe. Zaidi ya nusu.

Hakuna aliyekuwa na haja na gari lile kama yeye wiki hiyo.

Mkewe, Susana, alikuwa ndani amelala. Siku nne zilizopita daktari alisema uvimbe wa tumboni umeshafika mahali ambapo kisu hakifiki, wamchukue nyumbani; akasema hivyo huku anatazama ukuta. Na nyumbani, kwa Susana, hakukuwa Same. Kulikuwa Mhezi, juu mlimani, ambako mama yake mzazi alikuwa bado hai, bikizee wa miaka tisini na kitu ambaye miguu yake haikuwa na uwezo tena wa kuvuka hata kizingiti. Susana aliomba jambo moja tu. "Nataka mama anishike kichwa," alisema. Basi. Hakuomba dawa, wala mchungaji, wala bintiye Hellen arudi kutoka Mwanza.

Lori la kupanda huko lilikuwepo, la siku ya gulio, na abiria wake hukaa juu ya magunia. Dereva alipomwona Susana alitikisa kichwa. "Huyu hafiki kona ya tatu, mzee. Na mimi sitaki maiti juu ya mahindi ya watu." Kwa hiyo ilikuwa ama Pijo, ama hakuna.

Na Fanueli hakuwa na wasiwasi hata chembe, mpaka saa ile Salimu alipofungua tangi.

Miaka kumi na tisa alikuwa dereva wa shamba la mkonge kule tambarare. Shamba lilipofungwa, badala ya kiinua mgongo alikabidhiwa gari alilokuwa akiliendesha, na meneja, labda kwa kuona aibu, akamjazia tangi kwa mara ya mwisho. Tangi lote zima. Ulikuwa wakati ambao sabuni ilitoka kwa kibali, sukari kwa kadi, na wanaume wazima walilala na madumu yao kituoni siku mbili wakisubiri petroli isiyokuja. Fanueli akafika Same na mipira ya magurudumu iliyokwisha, mipya haipatikani hata kwa kuombewa. Akaliweka gari juu ya mawe, akalifunika, akatangaza mtaa mzima kwamba mafuta yale hayataguswa mpaka siku ya siku.

Na kila Ijumaa kabla jua halijazama, maana yeye ni Msabato na shughuli zote huishia hapo, alikuwa akichovya fito ya mwanzi ndani ya tangi, akaichomoa na kuisoma. Alichonga alama kwa kisu pale mafuta yalipofika siku ya kwanza. Miaka sita, hayakushuka chini ya alama ile hata upana wa kucha. Alijisifu nayo kila penye watu. "Petroli ya wenzangu hupungua hata ikiwa kwenye chupa," alikuwa akisema. "Yangu inaniheshimu." Waswahili husema akiba haiozi. Aliyesema hivyo hakuwahi kuweka petroli.

Sasa alisimama akamwelekea tena Novatus, ambaye alikuja huku tangu enzi za Tanganyika, kutoka Kigoma, kukata mkonge, na kwa hiyo kila kilichopotea mtaani kilianza kwanza kutafutwa kwake.

"Ninyi watu wa kuja—"

"Baba Hellen, hapo pakome."

Alikuwa Redempta, mke wa Novatus. Alitokea jikoni kwake mikono imejaa unga hadi viwikoni, akapita katikati ya watu nao wakampisha.

"Novatus, nyamaza na wewe. Niliapa sitasema, lakini sikuapa kukaa kimya mume wangu akiitwa mwizi. Baba Hellen, kamuulize mkeo."

"Mke wangu anaingiaje hapa?"

"Anaingia tangu siku ninajifungua Raymond. Mtoto amekaa vibaya, dereva wa zahanati anasema gari lipo, petroli hakuna, leteni petroli au leteni jeneza. Novatus akaja kwako. Ukamwambia nini?"

Fanueli alikumbuka alichosema.

"Mama Hellen alinyonya mwenyewe," Redempta aliendelea, na sasa hata waliokuwa wakichagua mchele waliacha. "Alivuta kwa mpira, akameza, akatapika siku mbili. Wewe ukadhani malaria, ukamnunulia klorokwini."

Novatus alimtazama mkewe kama mtu aliyeambiwa kwamba nyumba yake ina chumba kingine. "Uliniambia yametoka misheni," alisema polepole.

"Nilikwambia hivyo, ndiyo."

Fanueli aliwaacha hapo akaingia ndani. Chumba kilikuwa na harufu ya mchaichai na ugonjwa. Susana alikuwa macho. Kuta za udongo hazimwekei mtu siri.

"Ni kweli?" Fanueli aliuliza.

"Kipi? Mambo ni mengi."

"Maji kwenye tangi, Mama Hellen."

"Ah. Hayo." Alipumua, akasubiri maumivu yapite kama mtu anayempisha ng'ombe njiani. "Nilitoa mara tatu tu. Redempta. Msiba wa mzee Gideoni. Na yule mtoto wa Tumainieli aliyeumwa na nyoka. Kila nikitoa naongeza maji mpaka kwenye alama yako. Halafu hata nisipotoa, nikawa naona yanapungua yenyewe, sijui yanakwenda wapi. Nikaogopa utanishuku. Nikawa naongeza kikombe kila Alhamisi, ili Ijumaa ukija na fito yako ufurahi."

"Kila Alhamisi. Miaka sita."

"Ulikuwa unafurahi sana."

Fanueli alikaa kwenye ukingo wa kitanda.

"Sikujua kama maji yanakaa chini," Susana alisema. "Nilidhani yanachanganyika. Wauza maziwa wote wa Mhezi wanatia maji, na chai inakunywika."

Fanueli alitafuta hasira ndani yake, hakuipata. Alichokipata ni kitu kizito zaidi: kwamba mwanamke huyu aliishi naye miaka yote hiyo akimlinda yeye na tangi lake, na akiwalinda majirani dhidi yake, bila kuvunja kikombe.

"Litawaka?" Susana aliuliza.

"Litawaka."

"Usinidanganye."

"Litawaka, Mama Hellen. Utamwona mama."

Akatoka, akamwambia Novatus "samehe" mbele ya watu, neno moja tu, kavu, na Novatus akajibu, "Tulifanye gari kwanza, mzee, ugomvi hauna haraka." Na kweli akavua shati.

Siku mbili walifanya kazi. Salimu aliteremsha tangi, wakatia kokoto ndani na Novatus na jirani mmoja wakalitikisa huku na huku kama wanawake wanaosukasuka mtindi, kutu ikatoka mpaka wakachoka kuitazama. Kabureta lilifunguliwa likalowekwa kwenye mafuta ya taa. Ndani yake mlikuwa na kitu cha kahawia kimeganda kama gundi ya fundi seremala. Betri iliazimwa kwa mwenye mashine ya kusaga. Mipira ilipatikana, iliyotumika lakini yenye meno, kwa sababu sasa ni siku za ruksa na kila kitu kipo: sabuni ipo, nguo za mitumba zimeninginizwa hadi kwenye ua wa kanisa, na kituoni petroli inamwagika kwa anayetaka, hakuna foleni wala kibali. Fanueli alikwenda akanunua lita kumi. Kijana wa kituo alimpimia bila hata kumtazama. Jambo hilo lilimuuma kwa namna asiyoweza kuieleza.

Mchana wa Jumatano, Salimu alifunga tangi mahali pake. Kabla ya kwenda kuswali adhuhuri alielekeza kidole kwenye dumu ambamo walikuwa wametenga yale ya rangi ya chai, yaliyobaki baada ya maji kumwagwa.

"Hayo mwaga, mzee. Shimoni, mbali na mboga. Yamekufa."

"Ni petroli."

"Ilikuwa petroli. Nusa. Petroli hai inakupiga pua. Hii inanuka kama rangi ya mlango. Ukiitia kwenye injini, inapika gundi." Akachukua kibarakashia chake. "Tia yale mapya lita kumi, yatosha kupanda Mhezi. Narudi."

Novatus alikwenda kutafuta godoro. Fanueli akabaki peke yake na madumu mawili.

Alilinyanyua lile la zamani, akalipeleka mpaka shimoni. Lita ishirini hivi. Aliliinamisha. Mkono ukakataa.

Aliona foleni ya Moshi, wanaume wakipigana kwa lita moja. Alimwona bwana afya aliyeacha pikipiki yake porini akaja kwa miguu kuomba kikombe kimoja, naye Fanueli akamwambia hakuna. Alimwona Novatus amepiga goti pale mlangoni, asubuhi ile, mkewe analia ndani. Watu wote wale aliwanyima kwa ajili ya hiki kilichomo dumuni. Leo akimwage kwenye majivu na maganda ya ndizi? Na lita kumi, mlima ule, zikiishia katikati? Mtu aliyepitia miaka ile hajui kumwaga petroli; hajafundishwa. Anajua kuchuja.

Alichukua kanga, akaikunja mara nne, akachuja. Akakunja nyingine, akachuja tena. Mara ya tatu yalitoka safi, mekundu kidogo, yanapendeza. Akayatia yote tangini, na yale mapya lita kumi juu yake, akasukuma gari huku na huku kwa bega ili yachanganyike. Dumu tupu akalirudisha karibu na shimo, mdomo chini.

"Umemwaga?" Salimu aliuliza aliporudi.

"Nimemwaga."

Saa tisa alasiri Pijo iliwaka. Ilikohoa, ikatema moshi mweupe uliofunika nyumba tatu, ikatetemeka, kisha ikashika. Mtaa mzima ulitoka. Wanawake walipiga vigelegele kama wa harusi, Redempta alicheza na mwiko mkononi, na ndani Susana alisikia, akamwambia binti wa jirani aliyekuwa akimpepea, "Hiyo ni sauti yake. Ilikuwa ikinguruma hivyohivyo siku alipokuja kunichumbia, na lilikuwa gari la Mzungu." Fanueli aliliendesha mpaka stesheni ya reli na kurudi. Macho yalimwasha, akasema ni moshi.

Salimu peke yake alisimama nyuma ya eksosi, amekunja pua. "Harufu yake siipendi," alisema. "Mzee, injini imeshapata moto. Mwekeni mgonjwa mwende sasa hivi, msiizime."

Lakini jua lilikuwa linashuka, giza lingewakuta njiani, ukungu wa mlimani hauna adabu, na breki hazikuwa za kuaminiwa gizani. Tena majirani walikuwa wamekwisha kuanza kuleta vitu: chumvi ya kumpelekea bikizee, shuka, barua za ndugu wa Chome, kijiji cha hukohuko mlimani. Fanueli alisema wataondoka alfajiri. Akazungusha ufunguo, injini ikanyamaza.

Alfajiri walimtoa Susana kwa shuka, watu wanne, wakamlaza juu ya godoro nyuma ya gari, chini ya turubai lililofungwa kama paa. Alikuwa amevaa kilemba cheupe cha kanisani. Alikuwa mwepesi mno. Novatus, aliyeshika upande wa miguu, aligeuza uso.

"Mnielekeze kichwa mbele," Susana alisema. "Nataka kuona milima ikija."

"Ukiwa umelala utaona turubai tu, dada," Redempta alimwambia.

"Basi nitaliona turubai linalokwenda Mhezi."

Fanueli aliketi kwenye usukani, akapiga stata. Injini ilizunguka nusu, ikagonga. Ko, ko, ko, ko, kama mtu anayebisha hodi kwa chuma. Akapiga tena. Ikagonga zaidi, kisha ndani pakasikika kitu kikilia *ka*, kidogo tu, na baada ya hapo injini ikawa inazunguka kwa wepesi mbaya, bila nguvu, haishiki kitu.

"Acha," Salimu alisema. "Mzee, acha stata."

Walisukuma. Wanaume kumi, mpaka mwisho wa mtaa na kurudi, Susana akiwa nyuma, anatikisika. Haikuwaka. Salimu akafungua kava la juu ya injini, akaingiza vidole viwili, akatoa fimbo moja ya chuma, ile inayosukuma valvu. Ilipaswa kunyooka kama rula. Ilikuwa imepinda kama muwa uliolaliwa na upepo. Akatoa ya pili, na ya tatu. Kisha akatia kidole kwenye shina la valvu, akakitoa kikinata, cha kahawia, kinang'aa. Akakinusa.

Gundi ilikuwa imepikwa jana injini ikiwa moto, na usiku ilipopoa ikaganda, ikazishika valvu zisicheze. Stata ya asubuhi ikavunja kilichobaki. Salimu hakuyasema hayo. Alimtazama Fanueli tu, kwa muda mrefu, kisha akafuta kidole kwenye suruali.

"Vipuli vyake ni Moshi, kama vipo," alisema. "La sivyo Dar. Siku nne, tano."

Hakuna aliyesema Susana ana siku ngapi.

Sauti moja ya mwanamke ikasema kutoka kwenye kundi, bila ubaya, kama watu wanavyosema vitu ili kimya kisiwepo: "Ni yale maji. Maji ya Mama Hellen ndiyo yaliyoua gari."

Turubai halizuii neno.

"Baba Hellen," Susana aliita kutoka nyuma. Sauti yake ilikuwa ndogo, na watu wote waliisikia. "Nisamehe. Nimejifungia njia mwenyewe."

Fanueli alikuwa ameshika mlango wa gari. Neno lilikuwa mdomoni. *Si wewe. Ni mimi, jana, saa saba mchana, kwa kanga yako.* Lilikuwa fupi, lingetosha pumzi moja. Lakini pale palikuwa na watu arobaini, na Novatus aliyeitwa mwizi, na wote walikuwa wakimtazama, na yeye alisimama pale akiwa amelishikilia, kama alivyosimama na dumu shimoni, mpaka pumzi ikapita.

"Nirudisheni ndani," Susana alisema. "Jua linapanda."

Walimrudisha. Alipolazwa aligeukia ukutani. Mchana alikunywa vijiko viwili vya uji, jioni akakataa. Fanueli alikaa karibu yake akisubiri wanawake watoke ili amwambie, na nyumba ya mgonjwa katika mtaa ule haitoki wanawake. Alfajiri ya Ijumaa, walipotoka hatimaye kwenda kuchota maji, alimwinamia.

"Mama Hellen. Hayakuwa maji yako."

Macho yake yalikuwa wazi nusu.

"Sikumwaga yale ya zamani. Niliyachuja nikayatia. Salimu aliniambia nisitie. Unanisikia? Hukujifungia njia. Mimi ndiye niliyefunga."

Alimshika mkono, akamtikisa kidogo. Alisema tena, kwa Kipare safari hii, taratibu, kama unavyomwambia mtoto. Susana alipumua, akanyamaza, akapumua. Hakuwa akisikia tena lugha yoyote. Wanawake waliporudi na ndoo walimkuta mzee bado anasema.

Novatus ndiye aliyepanda Mhezi, kwa miguu, kumwambia bikizee asisubiri.

Mchana wa siku ile wanawake walimtaka Fanueli atoke, wamgeuze mgonjwa na kumfuta mwili. Akatoka. Hakuwa na pa kwenda. Akafungua mlango wa gari akaketi nyuma ya usukani, mikono mapajani, akitazama mbele, ambako milima ilikuwa wazi kabisa siku hiyo, hata miti juu yake ungeweza kuihesabu. Watu walipita, wakasema pole mzee, wakaendelea.

Redempta alikuja akasimama kando ya dirisha.

"Hujala tangu juzi, Baba Hellen."

"Redempta. Hayakuwa maji."

"Tunajua. Salimu alimwambia Novatus jana ileile."

"Jana." Fanueli aligeuka akamtazama. "Na hamkumwambia."

"Tulikuwa tunakusubiri wewe umwambie."

Alirudisha uso mbele. Aliushika usukani kwa mikono miwili. Redempta aliunyoosha mkono wake ndani ya dirisha, akaufungua mlango kutoka upande wa ndani.

"Shuka," alisema. "Nimepika makande. Ingia kwangu ule."